Maswali ya Wasomaji: Tuisomeje Orodha ya Makala za Mtafiti wa Jenomu za Saratani?

Safu hii hupokea maswali ya sayansi na kuyajibu kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Toleo hili tumelitenga kwa jambo moja, kwa sababu barua kadhaa zilizotufikia, ingawa ziliandikwa na watu wasiojuana, zilizunguka swali lile lile: mtafiti anayechunguza jenomu za saratani, yaani DNA yote iliyomo katika seli za ugonjwa huo, anaposifiwa kwa mamia ya makala na maelfu ya marejeleo, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa katika maandishi ya wengine, hesabu hizo zinatuambia nini hasa kuhusu kazi yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatafuta msimamizi wa shahada yangu ya uzamivu katika jenomiki ya saratani. Nimebaki na majina mawili. Mtafiti wa kwanza ana kipimo cha h cha 85 na wa pili ana 31. Wenzangu wananiambia hapa hapana haja ya kufikiri, nimchague wa kwanza. Je, ni kweli?

JIBU: Wenzako wamekata shauri mapema mno, na ili uone kwa nini, inafaa kwanza kujua kipimo hicho kinahesabu nini. Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Makala za mtafiti hupangwa kuanzia ile iliyotajwa mara nyingi zaidi katika maandishi ya wengine hadi ile iliyotajwa mara chache, kisha mtu hushuka orodha akihesabu, kwa sharti kwamba kila makala iwe na marejeleo yasiyopungua namba ya nafasi yake katika orodha. Tuseme mtafiti ana makala sita, nazo zimerejelewa mara 120, 40, 9, 6, 5 na 2. Makala ya tano ina marejeleo matano, kwa hiyo bado inatimiza sharti. Ya sita ina mawili tu, hivyo hesabu inakomea hapo, na kipimo chake cha h ni 5. Sasa tuseme ile makala ya kwanza, badala ya kurejelewa mara 120, imerejelewa mara 12,000 kwa sababu imebadilisha namna ugonjwa unavyotibiwa. Kipimo kitabaki 5 vile vile.

Tena kipimo hiki hakishuki. Mtafiti aliyeanza miaka thelathini iliyopita ataendelea kuongezewa hata kama ameacha kuingia maabara, ilhali kijana aliyefungua maabara yake miaka sita iliyopita hana namna ya kumfikia, hata awe na kipaji cha ajabu. Kwa hiyo 85 na 31, bila kujua kila mmoja alianza lini, ni sawa na kulinganisha urefu wa miti miwili bila kuuliza ilipandwa mwaka gani. Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo alichokibuni kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara yasiyokusudiwa.

Katika fani yako liko jambo jingine linalokuza hesabu hizi. Jenomiki ya saratani imejengwa kwa sehemu kubwa na miradi mikubwa ya pamoja. Mradi wa Marekani uitwao The Cancer Genome Atlas, ulioanza mwaka 2006, ulichunguza sampuli zaidi ya 20,000 za uvimbe na za tishu zisizo na ugonjwa, katika aina 33 za saratani. Mradi wa kimataifa uliochapisha matokeo yake mwezi Februari 2020 ulichambua jenomu kamili 2,658 za saratani za aina 38, nao uliwakusanya wanasayansi na matabibu zaidi ya 1,300. Makala za miradi kama hii hurejelewa kila siku, na kila jina lililomo hupata sehemu yake ya hesabu, awe ni yule aliyebuni uchambuzi wote au yule ambaye hospitali yake ilitoa sampuli chache. Sisemi kwamba huyo wa pili amejipachika. Kukusanya sampuli za wagonjwa kwa ridhaa yao, kuzihifadhi bila kuharibika na kuziandikia kumbukumbu sahihi ni kazi ngumu ambayo bila yake hakuna jenomu itakayosomwa. Ila wewe unatafuta mtu wa kukufundisha kuuliza maswali ya utafiti na kuyajibu, na idadi ya marejeleo ya mradi wa watu 1,300 haiwezi kukuonyesha kama anajua kufundisha hivyo.

Fanya hivi basi. Katika fani hii, jina la kwanza kwenye makala kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara aliyebuni au kusimamia utafiti. Ziweke kando makala zote ambazo jina la mtafiti wako liko katikati ya msururu mrefu, ubaki na zile ambazo yeye ni wa mwisho. Halafu usimwangalie yeye, waangalie walioandikwa kwanza. Je, ni wanafunzi wake? Walichukua miaka mingapi kuchapisha makala yao ya kwanza? Baada ya kuondoka kwake, wanaendelea kuchapisha kazi zao wenyewe au majina yao yamepotea? Nimewahi kuisoma orodha ndefu yenye sifa nyingi, nikagundua kwamba kwa miaka kumi hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa mwandishi wa kwanza mara mbili. Mwenye kipimo cha 31 akiwa na wanafunzi wanne ambao sasa wana maabara zao, mimi ningebisha mlango wake kwanza.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo. Mgombea mmoja ana makala moja iliyorejelewa zaidi ya mara elfu kumi, na nyingine zote hazifiki mia moja. Wajumbe wenzangu wanasema alibahatika tu. Mgombea wa pili amechapisha katika majarida yenye kipimo kikubwa cha athari, nao wanamwona bora. Tufanyeje?

JIBU: Msianze na bahati. Anzeni na aina ya makala hiyo. Makala zinazorejelewa kupita kiasi mara nyingi ni za njia za kazi. Makala inayoaminika kuongoza makala zote duniani kwa marejeleo ilichapishwa mwaka 1951, nayo inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Imetajwa zaidi ya mara 300,000. Katika jenomiki, makala fupi ya mwaka 2009 iliyoeleza muundo wa faili la kuhifadhia vipande vya DNA vilivyosomwa na kupangwa kwenye jenomu, pamoja na programu ya kulishughulikia, hurejelewa na karibu kila anayegusa kazi hiyo. Anayeitaja hamaanishi kwamba amevutwa na wazo fulani. Anamaanisha kwamba ametumia chombo. Kwa maoni yangu hiyo ni athari halisi kabisa, pengine kubwa kuliko ya ugunduzi unaosifiwa na kisha kusahaulika, lakini ni athari ya aina yake na inafaa kuitwa kwa jina lake.

Aina nyingine ni makala za mapitio, ambazo hukusanya na kupanga yaliyogunduliwa na wengine. Mwaka 2000 Douglas Hanahan na Robert Weinberg walichapisha katika jarida la Cell mapitio yaliyozigawa tabia za seli za saratani katika sifa sita, na mwaka 2011 wakayapanua. Humo hamna jaribio jipya la maabara, lakini ni vigumu kupata tasnifu ya biolojia ya saratani isiyoyataja. Kwa hiyo isomeni makala ya mgombea wenu: kama ni chombo, ulizeni kama yeye ndiye aliyekijenga na kama bado anakitunza, kama ni mapitio, ulizeni kama mpangilio wake umewasaidia wengine kuona jambo ambalo halikuonekana kabla.

Kuhusu mgombea wa pili, kipimo cha athari cha jarida ni wastani wa marejeleo ya makala zote za jarida hilo katika kipindi kifupi, na wastani huvutwa juu na makala chache. Mfano wa wazi ni jarida la Shirika la Saratani la Marekani linaloitwa CA: kipimo chake kimepita 200, kiwango ambacho majarida mengi mashuhuri hayakikaribii, na sababu kubwa ni kwamba huchapisha takwimu za wagonjwa na vifo vya saratani ambazo kila mwandishi wa fani hii huzitaja katika aya yake ya kwanza. Makala nyingine iliyomo katika jarida hilo hairithi umaarufu wa takwimu hizo. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia kwenye mkutano wa Desemba 2012 na kutangazwa mwaka 2013, linasema bayana kwamba vipimo vya jarida visitumiwe badala ya kupima ubora wa makala moja moja au wa mtafiti anayetaka kuajiriwa au kupandishwa cheo. Kama mnahitaji tarakimu, tafuteni kipimo kinacholinganisha makala na nyingine za mwaka ule ule na za fani ile ile, kwa sababu makala ya jenomiki ya saratani hukusanya marejeleo kwa kasi kuliko ya fani zenye watu wachache. Kisha msomeni mgombea. Makala tatu kwa kila mmoja, mkizisoma kwa makini, zitawasaidia kuliko jedwali lolote.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Zamani tulifundisha habari za kromosomu bila kusikia hesabu hizi. Je, wagunduzi wakubwa wa wakati ule wangepita katika mizani ya leo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Wengine wangekwama mlangoni, na kisa cha saratani ya damu aina ya lukemia sugu ya mieloidi kinatosha kuonyesha. Mwaka 1960, katika jiji la Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford walitoa taarifa ya aya chache tu kwamba seli za wagonjwa hao zina kromosomu moja ndogo isivyo kawaida. Wengi walidhani kipande kimekatika na kupotea. Ilipita zaidi ya miaka kumi hadi Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago, akitumia mbinu mpya za kutia rangi kromosomu, alipoona kwamba kipande kile hakikupotea: kilikuwa kimetoka kwenye kromosomu hiyo ndogo, ya 22, na kuhamia kromosomu ya 9. Picha za kromosomu alikuwa akizikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, na makala ya mwaka 1973 aliiandika peke yake. Katika miaka ya 1980 ikajulikana kwamba kromosomu hizo mbili hubadilishana vipande, na kwamba kubadilishana huko kunaunganisha jeni mbili na kuzaa protini inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma, na mwaka 2001 dawa ya imatinibu, iliyotengenezwa kuizuia protini hiyo, ikaidhinishwa nchini Marekani. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache sasa wagonjwa wengi huishi nao kwa kumeza vidonge.

Kutoka taarifa ya kwanza hadi dawa ni miaka 41. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo, lakini kamati inayopima miaka mitatu au mitano ya nyuma haisikii mshindo wa miaka 41. Mary-Claire King naye alitumia miaka mingi kuitafuta jeni ya saratani ya matiti inayorithiwa, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba ipo; mwaka 1990 alionyesha kwamba iko kwenye kromosomu ya 17, na mwaka 1994 kundi jingine likaitenga jeni hiyo, BRCA1.

Si kila njia ni ndefu kiasi hicho. Mabadiliko ya jeni ya BRAF katika saratani ya ngozi aina ya melanoma yalitangazwa mwaka 2002, yakiwa yameonekana katika takriban theluthi mbili ya sampuli, na dawa ya kwanza iliyolenga mabadiliko hayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Tofauti ya kasi haitokani na ubora wa ugunduzi. Kufikia 2002 jenomu ya binadamu ilikuwa imeshasomwa kwa rasimu, na kampuni za dawa zilikwisha kuona kwa imatinibu kwamba protini za namna hiyo zinaweza kuzuiwa. Rowley alikuwa na mkasi na meza.

SWALI: Mama yangu anaumwa saratani. Tumeona kwamba daktari mmoja ana makala zaidi ya mia mbili na mwingine hana hata kumi. Je, tumfuate mwenye makala nyingi?

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa, nasi tunamwombea mama nafuu. Orodha ya makala haipimi mkono wa daktari katika kutibu wala uangalifu wake kwa mgonjwa. Wako matabibu hodari ambao hawajaandika chochote, na wako watafiti wakubwa wa jenomu ambao si matabibu kabisa. Jambo moja tu katika orodha hiyo linaweza kuwafaa: kama daktari anashiriki majaribio ya tiba kwa aina ya saratani aliyonayo mama, muulizeni kama kuna jaribio linalomhusu na kama uvimbe wake umepimwa mabadiliko ya jeni yanayoweza kuongoza uchaguzi wa dawa. Swali hilo hata daktari asiye na makala anaweza kulijibu.

SWALI: Je, makala inaweza kurejelewa mara nyingi na bado ikawa na makosa?

JIBU: Inaweza, na fani hii ina mfano mchungu. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature Medicine madai kwamba kwa kuangalia utendaji wa jeni katika uvimbe wanaweza kutabiri ni dawa ipi ya kemikali itakayomfaa mgonjwa. Ilikuwa habari iliyongojewa na wengi, ikasifiwa, ikarejelewa, na majaribio ya wagonjwa yakaanzishwa juu yake. Wanatakwimu wawili wa kituo cha saratani cha MD Anderson kilichoko Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuirudia hesabu kwa sababu madaktari wenzao walitaka kuitumia. Walikuta majina ya jeni yamesogea mstari mmoja katika jedwali, na mahali pengine seli zinazoshindwa na dawa zimeandikwa kuwa sugu na zilizo sugu zimeandikwa kuwa zinashindwa. Walichapisha uchunguzi wao mwaka 2009 katika jarida la takwimu. Majaribio yalisimamishwa mwaka 2010, na makala ile ilifutwa rasmi mwanzoni mwa 2011.

Angalia hesabu ilivyofanya kazi hapa. Katika miaka ile yote kila rejeleo liliongeza namba ya kundi la kwanza, na anayeikosoa makala huitaja sawa na anayeisifu, kwa hiyo hata lawama iliingia kapuni kama sifa. Waliofichua kosa walitumia muda mrefu katika kazi ambayo kwa mizani ya marejeleo haikuwa na faida kubwa kwao. Ndiyo maana, nikiombwa kutathmini orodha ya mtafiti wa jenomu, hutazama kwanza kama data na programu zake ziko wazi kwa wengine kuzirudia, na kama aliwahi kusahihisha kosa lake mwenyewe hadharani. Sahihisho lililotolewa mapema na mwandishi mwenyewe mimi hulihesabu upande wa faida.

SWALI: Ninafanya utafiti wa saratani katika jamii ambayo haijachunguzwa sana. Makala zangu hazirejelewi. Je, nibadili mada?

JIBU: Marejeleo hutoka kwa watu wanaofanya kazi jirani na yako, na wakiwa wachache, marejeleo yatakuwa machache pia, hata kama kazi ni nzuri. Sehemu kubwa ya jenomu za saratani zilizomo katika hifadhidata kubwa zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yake huonekana kliniki: mtu mwenye asili ya Afrika au Asia akipimwa jeni kama BRCA1, uwezekano wa kuambiwa kwamba amepatikana na badiliko ambalo maana yake haijulikani huwa mkubwa zaidi. Kila sampuli ya jamii yako inayoingia katika hifadhidata yenye maelezo kamili hupunguza majibu ya namna hiyo, na kipimo cha h hakina safu ya kuandika jambo hilo. Katika maombi yako ya cheo au ya fedha liandike wewe mwenyewe kwa maneno: ni mabadiliko mangapi yaliyopata tafsiri kutokana na data yako, ni makundi gani yameitumia, ni mwongozo upi wa matibabu umeitaja. Mada usiibadili kwa sababu hii. Ila usichapishe bila kuiweka data mahali ambapo wengine wanaweza kuipata kwa utaratibu unaolinda siri za wagonjwa, kwa sababu hapo ndipo watafiti wengi walio katika hali kama yako hujinyima wenyewe marejeleo.

SWALI: Nikitafuta jina langu katika hifadhidata, nakuta makala za mtu mwingine zimechanganywa na zangu, na zangu za kabla ya kuolewa hazipo. Nifanyeje?

JIBU: Jiandikishe ORCID, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2012 ambao humpa kila mtafiti namba ya kudumu ya tarakimu 16, isiyobadilika hata jina likibadilika. Kujiandikisha ni bure. Ingiza makala zako zote, za jina la zamani na la sasa, kisha itumie namba hiyo kila unapowasilisha makala mpya. Hifadhidata za marejeleo nazo hupokea maombi ya kutenganisha majina yaliyochanganywa. Ukiwaandikia, ambatanisha orodha ya makala zako na pia ya zile ambazo si zako. Usishangae jumla zikitofautiana baada ya marekebisho, kwa kuwa Google Scholar huhesabu pia tasnifu na makala zisizohakikiwa bado, ambazo hifadhidata ya Web of Science huziacha nyingi, na kwa hiyo namba ya Google Scholar huwa kubwa zaidi. Katika wasifu wako andika umeitoa wapi namba hiyo na tarehe gani.